Jogoo Upande Wako, Kuku Upande Wangu

4 Mei

Kwa mwanangu Fundi Meno,

Mzigo umefika na umenivuruga akili. Kondakta wa basi aliuteremsha mlangoni akihema, akaniuliza, "Mama, humu kuna injini?" Nikamwambia ni cherehani ya kukatia mbao. Akaniangalia kwa huruma, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Lakini si ni cherehani kweli? Kuna meza, kuna mkono juu ya meza, kuna pedali chini. Badala ya sindano kuna wembe mwembamba wenye meno, unapanda na kushuka palepale. Nilipoikanyaga ikanguruma. Nikaikanyaga tena. Chumba hiki hakijasikia mashine tangu watu waanze kununua nguo zilizokwisha shonwa na mimi kuachwa na mikasi yangu.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu iko kwa binti yangu, na binti yangu ana masikio. Unajua ugomvi wetu. Tangu mumewe aanze kutengeneza friji hapa nyumbani, friji ziko ukumbini, ziko barazani, moja iko bafuni. Mgeni akija anakaa katikati ya friji mbili kama chupa ya maziwa. Majirani wamempa binti yangu jina, Mama Friji. Sasa anakitaka chumba changu cha kushonea. Anasema, "Mama, humo unaingia kukaa tu. Pazia umefunga, hushoni, hutoki."

Tukabishana, tukapatana. Nikipata kitu cha kuweka mezani kwenye maonyesho yenu ya wapenda mbao, chumba ni changu na hataniuliza tena. Nikikosa, zinaingia friji. Nimetoa neno langu, na mimi silirudishi.

Kwa hiyo nijibu upesi. Nyembe zote ulizonitumia zimevunjika. Kila nikikata kidogo, tak. Mashine mbovu, au mimi?

Shangazi yako,
Mshonaji

*

11 Mei

Shangazi mpendwa,

Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama nimemeza jino la mteja. Mashine ni nzima. Unavuta kwa nyuma.

Usikatae, nimekuona utoto wangu wote. Mkono wa kulia unaongoza kitambaa, wa kushoto uko nyuma ya sindano unakivuta taratibu. Kwenye nguo ni sawa. Huku ukivuta kwa nyuma wembe unapinda na kukatika. Weka mikono yote miwili mbele, usukume ubao polepole, halafu uuachie wembe kazi yake. Nakutumia nyembe nyingine, na usione haya kuzimaliza.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Maonyesho ni mwisho wa Juni, na mgeni haingii peke yake. Lazima aje na kazi ya watu wawili, yeye na mwanachama wa zamani. Kila mmoja anakata nusu yake kwa mkono wake, halafu nusu zinakutana mezani bila gundi. Mwenyekiti wetu tunamwita Mzee Breki, alikuwa fundi wa mabasi. Yeye haangalii uzuri kwanza. Anachana kipande cha gazeti na kukipitisha kwenye maungio. Gazeti likipita, kazi inashushwa mezani, iwe ya nani. Mwaka jana alimshushia shemeji yake.

Nimechora hii picha kwa ajili yetu. Jogoo upande wangu, kuku na vifaranga upande wako. Katikati kuna ndimi na mapengo, ulimi wa kwangu unaingia kwenye pengo la kwako, na wa kwako kwenye la kwangu. Bandika mchoro juu ya ubao kwa gundi nyepesi, ukate, kisha ubandue karatasi na kupiga msasa. Ukimaliza nitumie kwa basi.

Shangazi, nimefurahi mno. Kazini nachonga meno ya watu wasiotaka hata kuniona, nikirudi hapa sina wa kuongea naye habari za wembe. Mke wangu ananisikiliza, lakini namwona anavyohesabu mbao za dari.

Mwanao,
Fundi Meno

*

29 Mei

Mwanangu,

Ulisema kweli. Nimeuzoeza mkono wa kushoto kukaa mbele kwa kuupa kazi ya kushika kipande cha chaki. Sasa wembe unadumu, na mimi nadumu nao.

Sikujua kama mtu wa umri wangu anaweza kuamka na haraka. Naamka, nanawa uso, chai naisahau. Macho ya vifaranga yanakatwa kwa ndani, kwa hiyo natoboa tundu, nafungua wembe, naupitisha tunduni, naufunga tena juu. Hapo najiona nipo nyumbani, maana kutunga uzi ndiyo kazi ya maisha yangu. Jicho la kifaranga cha kwanza lilitoka pembe nne. La pili likatoka duara, nikaita watu. Hakuja mtu, nikalisifu mwenyewe.

Mama Friji analalamika. Vumbi kwenye chai, vumbi kwenye mashuka, kelele mchana kutwa. Namwambia avumilie, maonyesho yakipita atajua la kufanya. Mumewe, yule mkimya, alipita juzi akasimama mlangoni, akaitazama meza inavyotikisika, akaenda zake. Kesho yake nikakuta amekata mpira wa mlango wa friji na kuuweka chini ya miguu ya mashine. Imetulia kabisa. Sikumuuliza yuko upande wa nani.

Kazi yangu hii hapa ndani ya mzigo, nimeifunga kwa vipande vya shuka. Nimeipiga msasa hadi inateleza. Niambie ukweli, mwanangu. Nina hamu ya kusikia ikifunga na jogoo wako kuliko nilivyokuwa na hamu ya harusi yangu mwenyewe.

Shangazi yako,
Mshonaji

*

8 Juni

Shangazi,

Kazi imefika salama. Kazi safi. Nimeipenda.

Usihangaike na chochote tena. Pumzika, tutaonana ukumbini siku ya maonyesho.

Mwanao,
Fundi Meno

*

13 Juni

Kaka,

Umemwandikia nini Mama?

Ameisoma barua yako mara kadhaa, akaikunja, akasema, "Kazi safi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja niliowaharibia nguo." Tangu hapo amejifungia chumbani. Mashine inanguruma, nikigonga anajibu anafanya mazoezi. Chakula nakiacha mlangoni nakuta sahani imerudi nusu.

Najua unaniona mimi ni mbaya katika hadithi hii. Ndiyo, chumba nakitaka. Nimechoka kuruka friji nikienda kuoga. Lakini sitaki kukipata kwa mama yangu kuaibishwa mbele za watu na mzee mwenye kipande cha gazeti. Kama kazi yake ni mbovu niambie mimi, nitafute namna ya kumzuia asije. Nitasema naumwa. Nitasema chochote.

Dada yako,
Mama Friji

*

18 Juni

Dada yangu,

Usimzuie, na usiumwe.

Kazi ya Shangazi si mbovu. Kuku ana manyoya unayotaka kuyapapasa. Lakini haifungi na yangu hata kidogo, na nilipojua sababu nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikataka kulia. Ameacha nafasi ya mshono.

Unajua anavyokata kitambaa. Hakati juu ya mstari kamwe, anakata nje kidogo, ili pabaki pa kushonea. Amefanya hivyohivyo kwenye ubao, kuzunguka maungio yote, kwa upana uleule, bila kuyumba. Ndimi zake zimekuwa nene, mapengo yake yamekuwa membamba. Seremala hawezi kufanya kosa hili hata umlipe.

Kuipunguza siwezi. Kwetu kila mtu anakata nusu yake, nikiigusa yake nimevunja sheria na Mzee Breki ananusa msasa wa mtu mwingine. Kwa hiyo nakata upya ya kwangu. Nimeweka kuku wake juu ya ubao mpya, nimechora kwa kufuata ukingo wake, na sasa jogoo wangu atafuata kosa lake hatua kwa hatua. Kosa lake likifungana na langu, gazeti halitapita.

Nilimwandikia kwa kifupi kwa sababu sijui kusema uongo mrefu. Naomba usimwambie. Amepata furaha, dada, umeisikia mwenyewe kwenye ukuta wa chumba chako. Mwache apande basi.

Kaka yako,
Fundi Meno

*

1 Julai

Binti yangu,

Sirudi Jumapili kama nilivyosema. Kaa kitako nikueleze kwa nini, na msomee mumeo kwa sauti maana mwenyewe ataona uvivu kuuliza.

Nilishuka basi nikaenda moja kwa moja ukumbini na mfuko wangu kifuani. Binti, laiti ungeona. Meza ukuta hadi ukuta. Saa za mbao, mataa, twiga mwenye viungo vinavyokunjika, mwanamke mmoja dereva wa lori amekata kitambaa cha meza cha mbao, matundu yake madogo kuliko ya lesi. Nilisimama pale na vumbi la safari nikamwuliza wembe wake ni namba ngapi, akanishika mkono tukazungumza mpaka nikasahau nimekuja kufanya nini. Watu wenye ugonjwa wangu wako wengi, na wote wanacheka.

Nikafika meza yetu. Kaka yako ameshaziweka nusu mbili mezani, zimefungana kama meno, naye ana tabasamu la mtu aliyemeza ufunguo. Nami nikashangaa, kwa sababu nilijua hazifungani.

Nilijua tangu ile barua yake ya kazi safi. Siku ileile nilichukua mabaki ya ubao nikayapima na mchoro. Nilikuwa nimekata nje ya mstari, kona zote, nimeacha nafasi ya mshono kama mtu anayemshonea kuku suruali. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ndipo nikajifungia, nikakata kuku mwingine, safari hii juu ya mstari. Mkono ulikuwa unakimbilia nje nami naurudisha, unakimbia naurudisha. Huyo ndiye niliyekuwa naye mfukoni. Nilitaka kumbadilisha kabla mwanangu hajaumbuka mbele ya wenzake.

Basi nikamwondoa kuku wa zamani mezani, nikamweka mpya. Hakuingia. Nikamsukuma, hakuingia. Nikamtazama kaka yako, kaka yako akanitazama.

"Shangazi, umekata upya?"

"Wewe je?"

"Nami nimekata upya. Nimefuata ukingo wa kuku wako."

Yule dereva wa lori alicheka hadi akakaa chini. Mke wa kaka yako akaziba uso kwa mikono miwili. Mzee Breki alikuwa meza mbili kutoka kwetu, gazeti mkononi.

Kaka yako akasema, "Mrudishe yule wa kwanza, Shangazi. Wamefungana vizuri, gazeti haliwezi kupita, tumemaliza."

Hapo ndipo nilipokataa. Alinisihi, akanikumbusha chumba, akanikumbusha friji zenu. Nikamwambia chumba nakitaka kuliko anavyojua. Sitaki kurudi na kukuta pazia langu limening'inizwa juu ya friji. Lakini sitakipata kwa kosa langu kushikwa mkono na mtu mwingine. Nimejifunza kukata juu ya mstari na nataka waone nilichojifunza. Nikamwuliza, "Jogoo wako wa kwanza, yule wa juu ya mstari, yuko wapi?" Mkewe ndiye aliyejibu. "Yuko jikoni. Naweka sufuria ya moto juu yake."

Akavua viatu akakimbia. Nyumba yao iko nyuma ya kituo cha polisi, si mbali, lakini Mzee Breki naye hana maneno mengi. Alimaliza meza moja. Akamaliza ya pili, akashusha kazi ya watu pale, mwanamume mzima na kaka yake, wakabeba saa yao. Akasimama mbele yetu. Kwenye meza kuna kuku mmoja peke yake na vifaranga vyake. Akauliza, "Baba watoto yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. Akasema hasubiri mtu. Nikamwuliza kama kwenye mabasi hakuwahi kusubiri abiria. Akakunja gazeti akanitazama, na mimi nikaanza kumweleza jinsi nilivyokata manyoya ya shingo, jinsi ya kugeuza kona bila kuchoma ubao, kila kilichonijia mdomoni. Nilizungumza kama redio.

Mke wa kaka yako akaingia pekupeku na jogoo kwapani. Nikampokea. Mkia wake una duara jeusi la moto, ukubwa wa sufuria. Sikuwa na muda wa kulalamika. Nikamwinamisha, ulimi kwa pengo, nikakandamiza kwa viganja viwili, nikasikia sauti ndogo, tk. Binti yangu, miaka yote niliyofunga vifungo vya maharusi sijasikia sauti nzuri namna ile.

Mzee Breki akajaribu gazeti juu. Halikupita. Akajaribu katikati, akajaribu chini, akageuza kazi akajaribu nyuma. Gazeti likachanika mkononi mwake. Akasema, "Ibaki," akaenda meza nyingine.

Nililia, sioni haya kukwambia. Kaka yako naye alilia, akasingizia vumbi.

Halafu tukaona kilichobaki mezani. Jogoo wake wa pili na kuku wangu wa kwanza, wale wa nafasi ya mshono, bado wanafungana. Tuna kazi mbili nzima. Tumeziweka zote. Watu wanasimama kuuliza ile rangi ya mkia tumeipataje, na kaka yako anawaambia ni siri ya familia. Maonyesho ni ya wiki nzima na mwenye meza lazima akae na meza yake, ndiyo maana sirudi.

Neno ni neno. Chumba ni changu. Lakini sitaki kushinda halafu wewe uendelee kuruka friji. Nikirudi tutakaa tuongee, uwani pale pana nafasi ya banda.

Mama yako,
Mshonaji, mwanachama mpya

*

5 Julai

Mama,

Nimeisoma kwa sauti barazani kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye "Ibaki" mume wangu alinyanyuka, akavua shati, akaingia chumbani kwako.

Inabidi nikwambie kwa nini aliingia. Sikusubiri barua yako. Basi lako lilipokata kona tu nikafungua chumba, na tukaingiza friji tatu. Nilikuwa na hakika utarudi mikono mitupu. Niliingiza friji ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa furaha kidogo, ya tatu ilipoingia nikakaa juu ya kigoda chako na nyumba nzima ilikuwa kimya. Nikaanza kusikiliza. Nilikuwa nasubiri mashine iwake.

Mama, mimi sikutaka chumba. Yaani nilikitaka, lakini si hivyo tu. Ulipoacha kushona ulikuwa unaingia humo asubuhi na mimi nasikiliza nje ya mlango, na hakuna sauti yoyote. Hata kikohozi. Niliogopa. Nikaona nikikunyang'anya chumba hutakuwa na pa kwenda ila kukaa na sisi. Sikujua namna nyingine ya kukuomba utoke. Nimekuwa nikilalamikia vumbi na kelele mbele yako, huku nyuma nawaambia majirani mama yangu amepata mashine. Ukitaka ushahidi waulize, wamechoka kunisikia.

Friji mbili tumeshazitoa. Ziko uwani chini ya turubai, mume wangu ameshaanza kupima banda. Ya tatu, ile kubwa, imegoma. Kuingia tuliisukuma ikaingia, kutoka inagusa miimo ya mlango pande zote. Ameilaza, ameisimamisha, amevua mlango wake, bado. Mwenye friji alihama mji na hajaonekana tena. Jioni mume wangu akaacha kusukuma, akachukua bisibisi, akakaa nayo mpaka ikawaka.

Iko kwenye kona yako, kushoto kwa mashine. Nimeweka ndani chupa za maji, za mtu anayesahau kunywa chai. Njoo na jogoo mwenye mkia ulioungua, nataka kumwona.

Mwanao,
Mama Friji